Wakala wa vyuo vya nje aliyepita Kigoma: katuuzia visa ya shule kama kibali cha kazi, na hela ya ada ya afya imerudi kwenye kadi yake

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikivuruga mpangilio mnivumilie. Na wale wa "mkuu ungefupisha", nyuzi za mpira ziko kule chini, huu ni mrefu.

Mimi ni mtu wa dagaa, Kibirizi hapa Kigoma. Baba alitutoka mwaka 2009, na tangu hapo mimi ndiye nimekaa kwenye kiti chake. Mdogo wetu wa mwisho, binti, nimemsomesha kuanzia darasa la tano mpaka digrii ya uhasibu. Alipomaliza akajitolea mwaka na nusu bila mshahara, akaniambia, "Kaka, nataka nikasome shahada ya pili nje." Nikamwambia tutaona ziwa linasemaje.

Machi 2025 wakaja jamaa wawili wa uwakala mmoja kutoka Dar. Jina siliweki, sitaki uzi ufutwe. Wakakodi ukumbi wa hoteli, bango limejaa vijana wanarusha kofia juu, soda na maandazi bure. Watu walijaa mpaka wengine wakasikilizia dirishani. Msemaji wao, kijana mtanashati, viatu vinang'aa utadhani hajawahi kukanyaga vumbi la Mwanga, akasema maneno ambayo mdogo wangu aliyaandika kwenye daftari na yapo mpaka leo: "Uingereza ada inajilipa yenyewe. Wewe fika tu, kazi zinakusubiri."

Baba mmoja akauliza kama anaweza kwenda na mke na watoto. Akajibiwa, "Mzee wangu, familia nzima." Wakuu, tangu Januari 2024 Uingereza imewazuia wanafunzi wa shahada ya pili ya kawaida ya darasani kwenda na familia. Wanaoruhusiwa ni wa utafiti, kama PhD, na wachache wenye ufadhili wa serikali. Kijana alilisema hilo mwaka mmoja na zaidi baada ya sheria kubadilika, mbele ya watu mia, macho makavu.

Sasa twende kwenye hiyo ada inayojilipa. Hesabu hii niliipiga mimi mwenyewe, mtu wa kuuza dagaa kwa debe, baada ya kuchelewa. Visa ya mwanafunzi Uingereza kwa ngazi ya digrii inakupa kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Wiki inahesabiwa Jumatatu mpaka Jumapili, na huwezi kufanya 10 wiki hii ukafidia 30 wiki ijayo. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Zidisha kwa 20, unapata paundi 244.20 kwa wiki. Kwa mwezi ni kama 1,058. Na serikali yao yenyewe, wakati ule tunaomba, ilikuwa inataka uonyeshe paundi 1,136 za kujikimu kila mwezi ukisoma nje ya London. Yaani ukibahatika kupata kazi siku unayoshuka kwenye ndege, ukafanya saa zote bila kuugua, bado chakula na chumba havijatimia. Ada ya chuo alichopata mdogo wangu, paundi 14,500, inajilipa kutoka wapi?

Akasema likizo ya kiangazi mtu anapiga kazi mchana na usiku. Uongo mwingine. Kwa mtu wa shahada ya pili ya mwaka mmoja, kile kiangazi ndicho cha kuandika tasnifu, na kwa kawaida chuo kinakihesabu kuwa ni wakati wa masomo. Saa ni zile zile 20. Na kujiajiri hairuhusiwi kabisa: kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu, kusuka watu nywele chumbani kwa malipo, yote hayo ni kuvunja masharti, na ukikamatwa visa inafutwa. Kijana kwenye semina alitaja kazi ya baiskeli kama mfano wa kwanza!

Lakini kilichotuua sisi si kazi. Ni mimi. Ndiyo, mimi kaka mtu.

Masharti yanataka uonyeshe ada iliyobaki pamoja na hela ya kujikimu ya miezi mpaka 9. Amana ya paundi 5,000 nilikuwa nimeshalipa chuoni moja kwa moja kupitia benki. Zikabaki 9,500 za ada, jumlisha 10,224 za kujikimu, jumla 19,724. Kwa bei tuliyokuwa tunahesabia, paundi moja 3,400, hiyo ni milioni 67. Msidhani Kibirizi watu wanalalia mamilioni. Ile ilikuwa hela ya ukoo. Nimeuza injini ya pili ya boti kwa bei ya kuona haya, na sote tulikuwa hatujasimama vizuri tangu ziwa lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024. Mjomba wa Kasulu kaleta. Mama kauza kipande cha shamba la michikichi kule Simbo. Baba mdogo wa Ujiji kaazimisha kwa mdomo tu, bila karatasi, kwa sababu ni damu yake.

Hela zote zikawekwa kwenye akaunti yangu. Nikamuuliza wakala mara mbili, kwa sauti, kwenye WhatsApp, ushahidi ninao: "Akaunti ni ya kwangu kaka yake, haina shida?" Akajibu, "Bosi wangu ondoa shaka, andika barua ya ufadhili, mwanasheria agonge muhuri wa kiapo, inapita." Nikaenda kwa mwanasheria, nikaapa. Hela zikakaa pale tangu Mei, hazijaguswa hata shilingi.

Kumbe kwa kanuni zao hela ya mtu binafsi iwe kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi wake, au ya mlezi wa kisheria (kuna la mwenza pia, lakini tuliache). Kaka si mzazi. Mjomba si mzazi. Baba mkubwa aliyekulea tangu unanyonya, si mzazi. Kwetu huku ukisema kaka mkubwa si baba utachekwa msibani, lakini karatasi yao haijui msiba wetu.

Sasa sikilizeni kinachonikosesha usingizi. Ilikuwa inatosha kuhamishia hela kwenye akaunti ya mdogo wangu, zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na maombi yatumwe kabla hazijapita siku 31 tangu tarehe ya mwisho ya ile taarifa ya benki. Basi! Au zikae kwa Mama, mzazi halali, ana akaunti na kadi, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha binti na barua ya Mama ya kuridhia. Wakala alikuwa na miezi mitatu. Siku 28 zinaingia humo mara tatu. Kazi niliyomlipia ilikuwa kujua hilo tu.

Nilimlipa milioni 2 na laki 8 ya "ushauri wa kitaalamu". Risiti nimeishika hapa mkononi: imechanwa kwenye kile kitabu cha elfu mbili cha dukani, wala si ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, imeandikwa kwa kalamu ya bluu "Ushauri wa kitaam". Hata herufi alinipunja.

Juu ya hapo akachukua milioni 6 na laki 4 taslimu, za ada ya visa na ada ya huduma ya afya, akidai kadi yake ndiyo inayokubali kulipa nje. Ada ya visa ilikuwa paundi 524. Ile ya afya ni 776 kwa mwaka, na kwa kuwa visa yenyewe inazidi mwaka kwa miezi kadhaa wakaongeza nusu, ikawa 1,164. Kwa 3,400 yetu zote mbili hazifiki milioni 5 na laki 8. Chenji hatukuiona, nikasema basi, mtu naye ana nauli zake.

Agosti binti akapanda basi mpaka Dar, zaidi ya kilomita 1,200, kwa kipimo cha kifua kikuu na alama za vidole. Alipofika dirishani, vidole na picha havikuzidi dakika kumi. Akarudi na miguu imevimba.

Tukasubiri. Septemba chuo kikafunguliwa. Kila nikipiga: "Inashughulikiwa bosi, wenzetu wana foleni." Oktoba binti akagoma kula. Nikampigia wakala nikamwambia sasa napanda basi nakuja na vijana wa mwaloni. Ndipo akatoa nywila ya barua pepe. Kumbe barua pepe ya maombi aliifungua yeye, kwa jina la mdogo wangu, na sisi hatukuwahi kuiona. Nililipuuza hilo mwanzoni, nakiri.

Tuliifungulia mwaloni, saa nane usiku, nasubiri mitumbwi. Binti kaishika simu, ananitafsiria polepole chini ya taa ya sola. Barua ya kukataliwa ilikuwa ya mwezi Agosti. Ilisema mwenye akaunti si mzazi wala mlezi wa kisheria wa mwombaji. Alipofika kwenye neno "mzazi" akanyamaza, akanipa simu niangalie mwenyewe, kana kwamba ningeweza kulisoma likawa jingine.

Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba una siku 28 za kuomba uamuzi upitiwe upya. Zimeshapita. Kwetu pengine kusingesaidia, kosa lilikuwepo kweli, lakini alizikalia zote mpaka zikaisha.

Na sasa lile la kwenye kichwa cha uzi. Ukikataliwa visa, ada ya visa hairudi, lakini ile ya afya inarudishwa yote, bila kuombwa, KWENYE KADI ILIYOLIPIA. Paundi 1,164. Karibu milioni 4 za kwangu zimeingia kwenye kadi ya wakala, naye huyo huyo akawa ananiambia wenzetu wana foleni. Nilipombana akasema ni "gharama za usumbufu". Amana niliyoipeleka chuoni mwenyewe imerudi, wakakata kidogo. Iliyopita kwake haijarudi hata senti.

Polisi nilikokwenda kushtaki nimepewa RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa, kisha nikaambiwa hili linaelekea kuwa la madai, nitafute wakili. Orodha ya mawakala waliosajiliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, nimeipitia jina kwa jina, hawa hawamo. Nilipaswa kuipitia Machi, najua, msinipige nyundo.

NYONGEZA 1: Mkuu uliyeuliza kwa nini binti hakusimamia mwenyewe wakati ana digrii. Tulimlipa mtu milioni karibu tatu ili asimamie. Ukipeleka injini kwa fundi huwa unaingia chini kufungua nati?

NYONGEZA 2: Wanaoomba sasa, kiwango cha kujikimu Uingereza kimepanda tangu Novemba 2025, ni paundi 1,171 kwa mwezi nje ya London na 1,529 kwa London. Msitumie namba zangu za 1,136 mkakwama kwa mia mbili tatu.

NYONGEZA 3: Kuna mdau kasema tuachane na Uingereza. Wakala naye kanipigia juzi, bila aibu, ana "mpango wa Australia", nianze na milioni 3. Nikasoma kwanza. Australia kazi ni saa 48 kwa wiki mbili, ada ya maombi ya visa tangu Julai 2025 ni dola zao 2,000, na ukikataliwa hairudi. Canada ni saa 24 kwa wiki tangu Novemba 2024, na fedha za kuonyesha kwa mtu mmoja, mbali na ada, ni dola zao 22,895. Binti anaangalia Ujerumani: siku 140 nzima za kazi kwa mwaka, vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, na euro 11,904 unaziweka kwenye akaunti maalumu iliyofungwa yenye jina la mwanafunzi. Jina la mwanafunzi, siyo la kaka. Hii mara tumeisoma wote watatu, na Mama, kwa sauti.

NYONGEZA 4: Nimetumiwa picha ya tangazo. Semina yao nyingine ni Tabora Jumamosi ijayo, ukumbi wa hoteli, soda bure. Bango ni lile lile la kofia. Mlioko Tabora msinizuie viti vya mbele. Risiti, barua ya kukataliwa na zile sauti za WhatsApp nimeziweka kwenye mfuko mmoja, spika ndogo ya bluetuthi nimeazima kwa jirani, na tiketi ya treni nimeshakata.