Maofisa wa uhamiaji Marekani wakigonga mlango bila taarifa: wanandoa wajipange vipi?

NyumbaniMukono anauliza:

Hamjambo ndugu zangu. Binti wa ukoo wetu ameolewa na raia wa Marekani na wanaishi Waltham, Massachusetts. Mume amewasilisha I-130, ombi la raia kwa ajili ya mkewe, naye binti ameweka I-485, ombi la green card akiwa huko huko, kwa kuwa aliingia kwa viza ya matembezi. Kwanjula, sherehe ya kimila ya kumtambulisha mume kwa wakwe, ilifanyika hapa Mukono, Uganda, kisha wakafunga ndoa ya serikali kule. Ndoa ni ya kweli kabisa. Kinachotutia hofu ni kazi yake. Analea mzee, kazi ya kulala huko huko, na siku nne kwa wiki hayupo nyumbani kwake. Tunasikia maofisa huja alfajiri bila hata kupiga simu, na wakimkosa mmoja huandika kwamba ndoa ni ya makaratasi.

Je, mume afungue au asifungue? Waingie au wasiingie? Na sisi wa huku tukipigiwa simu tuseme nini? Wakili wanaye tayari. Tunachotaka ni kuelewa.

FailiKamili anajibu:

Kwanza mjue ni nani anayegonga. Wanaotembelea nyumba kwa kesi za ndoa kwa kawaida ni maofisa wa FDNS, kitengo kinachochunguza udanganyifu ndani ya USCIS, idara inayoshughulikia maombi ya uhamiaji. Si ICE, wale wanaokamata na kuondoa watu nchini. Mara nyingi huja wawili, wamevaa nguo za kiraia, asubuhi na mapema, saa ambayo mtu aliyelala nyumbani bado yupo. Hawaji na hati ya hakimu. Kuingia kwao kunategemea ruhusa ya mwenye nyumba, na ruhusa hiyo ina mipaka: unaweza kukubali sebuleni tu na kukataa chumbani, na unaweza kuiondoa hata wakiwa wameshaketi.

Hapa ndipo watu wetu wanapokwama. Sisi mtu akipiga hodi jibu ni karibu, hasa akiwa na kitambulisho cha serikali. Kule neno hilo moja ni ridhaa. Basi mume afanye hivi, kwa utaratibu huu:

Aulize kupitia mlango uliofungwa: ninyi ni nani, mnatoka ofisi gani, mmekuja kwa faili ya nani. Aombe kuona vitambulisho dirishani au kwenye tundu la mlango, na aandike majina na namba za beji. Kisha aseme, kwa upole na bila kubadilisha sauti: tuko tayari kushirikiana, wakili wetu ana G-28 kwenye faili, naomba nimpigie. G-28 ndiyo fomu inayomtambulisha wakili. Maofisa hawalazimiki kumjulisha wakili kabla ya kuja, kwa hiyo namba yake iwe kwenye simu za wote wawili na pia imeandikwa kwenye karatasi jikoni. Saa kumi na mbili asubuhi wakili asipopokea, mume anaweza kuomba wapange siku nyingine.

Kuongea nao nje si kosa. Atoke, auvute mlango nyuma yake, wazungumze hapo hapo.

Sasa, aingize au asiingize? Kukataa ni haki yake, na kukataa peke yake si sababu ya kisheria ya kunyima ombi. Ila ripoti itaandikwa kwamba alikataa, halafu watakwenda kwa majirani na kwa mwenye nyumba. Maoni yangu: wanandoa wa kweli, wenye nyumba inayoonyesha maisha ya watu wawili, wakili akiwa kwenye simu, mara nyingi hufaidika wakiwaruhusu. Lakini kama ndani mna mtu mwingine ambaye karatasi zake hazijakaa sawa, mazungumzo yabaki nje. Msilifanyie mzaha hilo. Kanuni iliyotangazwa Septemba 2025 imewapa maofisa maalumu wa USCIS uwezo wa kukamata na kubeba silaha, jambo ambalo zamani halikuwepo upande wa USCIS.

Wakija ICE, mume aombe waonyeshe karatasi dirishani. Hati ya hakimu ina jina la mahakama juu na sahihi ya hakimu chini. I-200 na I-205, hati za idara za kukamata na kuondoa mtu nchini, husainiwa na ofisa wa uhamiaji, na mawakili hufundisha kwamba hizo peke yake si ruhusa ya kuingia nyumbani. Aseme hakubali waingie, lakini asiwazuie kwa mwili hata kidogo.

Wakiingia, FDNS hutazama chumba cha kulala, kabati, bafu, dawa zenye jina la mgonjwa, barua zilizoko mezani, viatu mlangoni. Kisha huwatenganisha wanandoa na kuuliza vitu vidogo: kodi ya nyumba ni kiasi gani na hulipwa vipi, jana usiku mlikula nini, nani alitangulia kuamka, siku ya kutoa takataka ni ipi. Anayejua ajibu. Asiyejua aseme sijui. Kubahatisha ndiko kunakoharibu, kwa sababu majibu mawili yanayogongana huandikwa kama uongo hata kama mmoja alisahau tu. Na uongo kwa ofisa wa serikali kuu ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 5.

ZamuYaUsiku anajibu:

Niongezee kuhusu kazi ya kulala huko, maana ndilo jambo zito kwenye kesi hii, na Waganda wengi wa Massachusetts wako kwenye kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni, hiyo hiyo.

Hakuna sheria inayosema mume na mke walale kitanda kimoja usiku wote saba. Kinachopimwa ni nia yao siku walipooana: je, walikusudia kujenga maisha pamoja? Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 9 ilisema hivyo mwaka 1975 katika kesi ya Bark dhidi ya INS, idara ya uhamiaji ya wakati huo, kwamba kutengana peke yake hakuthibitishi ndoa ya uongo. Massachusetts haimo katika mzunguko huo, lakini kipimo cha nia ndicho kinachotumika kote.

Shida huanza pale ambapo faili iko kimya kuhusu kazi hiyo. Ofisa anafika Jumanne saa kumi na mbili na nusu, mke hayupo, mume kwa woga anasema ametoka kidogo kwenda dukani. Ofisa anasubiri kwenye gari. Saa tatu zinapita. Hapo jambo la halali limegeuzwa uongo na mtu aliyedhani anamlinda mkewe. Jibu sahihi ni fupi: yuko kazini, analala huko kuanzia Jumapili jioni hadi Alhamisi asubuhi, hii hapa ratiba yake.

Kwa hiyo wapeleke ushahidi sasa kupitia wakili, kabla ya mlango kugongwa: barua ya mwajiri inayotaja siku na saa za zamu na kwamba anapewa mahali pa kulala, hati za mshahara za miezi sita hivi, na maelezo ya kiapo ya kila mmoja kuhusu wiki yao inavyokwenda. Wakala wa kazi akimbadilishia mgonjwa, ipelekwe barua mpya. Halafu nakala moja ibaki nyumbani kwenye bahasha karibu na mlango.

Angalieni pia anwani. Barua za benki au leseni ya udereva zikionyesha nyumba ya mgonjwa, ofisa atasema anaishi huko. Kila kitu kiwe kwenye nyumba ya ndoa. Wakihama, mke anatakiwa kuwajulisha USCIS ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, na mume naye abadilishe anwani kwenye I-130 yake. Majina yote mawili yaandikwe kwenye sanduku la barua. Sisi wanandoa hatutumii jina moja la ukoo, na sanduku lenye jina la mume tu linasomeka vibaya.

Jirani naye ni shahidi. Hapa nyumbani mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, anajua nani kaoa nani. Kule mtu anaweza kukaa miaka miwili ghorofani bila jirani kumjua kwa sura. Mke anayetoka Jumapili usiku na kurudi Alhamisi haonekani. Siku zake za nyumbani watoke pamoja, wasalimie watu, wamfahamu mwenye nyumba, na jina la mke liwemo kwenye mkataba wa pango.

HatiNaUkoo anajibu:

Mimi nazungumzia upande wetu wa huku, na nina neno ambalo huenda halitapendeza.

Ndugu Mukono, kwanjula ilifanyika lini? Kabla ya viza ya matembezi au baada? Fomu ya viza, DS-160, huuliza hali ya ndoa. Kama kwanjula ilitangulia na kwenye fomu akaandika hajaolewa, wakili lazima ajue leo. Kwa mila na kwa sheria ya Uganda kwanjula inaweza kuhesabiwa ndoa ya kimila. Kusajili kwenye ofisi ya kaunti ndogo ndani ya miezi sita ni takwa la sheria, ila kutosajili hakufuti ndoa moja kwa moja. Ofisa akiziona picha Facebook, gomesi na kanzu na vikapu, atauliza swali hilo hilo. Pengine kuna maelezo mazuri. Yatolewe na wakili, yasitolewe mlangoni na mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Vivyo hivyo kama kuna kwanjula ya zamani na mtu mwingine. Wengi huiacha kwenye fomu wakidhani haihesabiki kwa kuwa hapakuwa na kanisa wala cheti. Ikihesabiwa kuwa ndoa na haikuvunjwa kisheria, ndoa ya Marekani inaweza kuonekana batili.

Kuhusu tarehe: wanandoa watataja siku ya ndoa ya serikali, ninyi mkiulizwa mtataja siku ya kwanjula, kwa sababu kwetu hiyo ndiyo siku binti aliyoolewa. Mkinzano huo ni wa bure kabisa. Maelezo ya kiapo yataje zote mbili: sherehe ya kwanjula Mukono tarehe fulani, imesajiliwa au haikusajiliwa; ndoa ya serikali Massachusetts tarehe fulani.

Majina ya undugu nayo yamewaumiza wengi. Ofisa anauliza nani mwingine anaishi hapa, mke anasema kaka yangu. Faili haina kaka yeyote. Ni mtoto wa baba mkubwa. Kwa Kiingereza aseme binamu, hata kama moyoni ni kaka. Shangazi asiitwe mama. Na mume aeleze bila kubabaika kwa nini mtoto ana jina la ukoo lisilofanana na la baba yake, maana kwa Baganda jina hutoka kwenye koo, na hilo kule halijulikani.

Mkipigiwa simu Uganda: mwulize anayepiga jina na ofisi, mwombe namba, mkate, kisha mhakikishe na wakili kabla ya kusema lolote. Matapeli hupiga wakijifanya ubalozi na kudai pesa kwa simu. Akiwa ofisa kweli, jibuni mnachokijua tu. Hujui wanaishi mtaa gani, sema hujui. Msikae kikao cha familia kupanga majibu. Watu kumi wakisema sentensi ile ile, inasikika.

Cha kutuma: picha za kwanjula zenye tarehe na majina nyuma ya kila moja, nakala za pesa ambazo mume mwenyewe amewatumia wakwe, mazungumzo ya WhatsApp kati yake na wazazi. Barua ya LC1 ina faida ndogo, nayo iseme tu kile mwenyekiti alichokishuhudia kwa macho: alihudhuria sherehe siku fulani, kwa nani. LC1 hathibitishi ndoa. Barua inayojaza ukurasa kwa mihuri na sifa inaleta shaka.

NyumbaniMukono:

Mungu awabariki sana. Kwanjula ilikuwa baada ya viza ya kwanza, alirudi nyumbani kwa ajili yake, kisha akaingia tena kwa viza ile ile. Tutamwambia wakili leo leo. La mwisho: wakishaondoka, nini kinafuata?

FailiKamili anajibu:

Hiyo safari ya pili wakili aiangalie kwa makini, hasa alichosema uwanja wa ndege alipoulizwa amekuja kufanya nini.

Wakiondoka tu, ndani ya saa moja kila mmoja aandike peke yake: saa walizofika na kuondoka, majina, vyumba walivyoingia, picha walizopiga, kila swali na jibu alilotoa. Kama kuna jibu lililokosewa, wakili alisahihishe kwa maandishi mapema, lisingoje usaili. Mume asisaini chochote mlangoni, hasa karatasi ya kuondoa I-130. Hilo hutokea: raia akiwa peke yake huambiwa akisaini mambo yataisha bila matatizo. Kwa sahihi hiyo I-130 imeondolewa, na I-485 ya mke haina tena pa kusimama.

Ripoti ikiwa mbaya, kanuni 8 CFR 103.2(b)(16) inawataka USCIS waeleze taarifa mbaya ambayo mwombaji haijui na kumpa nafasi ya kuijibu. Kwa kawaida huja kama barua ya kusudio la kukataa, na muda wa kujibu hauzidi siku 30, zikiongezwa 3 ikitumwa kwa posta. Wakili aombe ielezwe hasa walichokiona na walichoambiwa, kisha ajibu hoja kwa hoja. Jirani alisema hamjui mke? Hati ya kiapo ya mwenye nyumba, mkataba wa pango, ratiba ya zamu ya siku hiyo hiyo.

I-130 ikikataliwa, rufaa huenda BIA, bodi ya rufaa za uhamiaji, kwa fomu EOIR-29 ndani ya siku 30. Msiache muda upite mkidhani mtaomba upya. Wakishaandika kwamba ndoa ilikuwa ya udanganyifu, kifungu cha 204(c) cha sheria ya uhamiaji humfungia mke maombi ya mbele hata akiolewa tena kwa haki. Na tangu 2025 ombi likikataliwa mtu asiye na hadhi nyingine anaweza kupelekwa moja kwa moja mbele ya jaji wa uhamiaji.

Bahasha ya mlangoni aliyoitaja ZamuYaUsiku iandaliwe wiki hii.