Taa mpya za barabarani: ziinamishwe au ziachwe zilivyo? Karibuni tujadili

Mleta mada

Mugonile, wakuu.

Kijijini kwetu, njia ya kupanda Kitulo ukitokea Isyonje, zimesimikwa taa za sola. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji na nataka kupeleka hoja, ila kwanza nipigeni msasa hapa. Nataka taa ziinamishwe zimulike chini tu, na zipunguzwe makali kuanzia saa sita usiku.

Niseme ukweli mapema: napiga picha za nyota. Nina kamera ya mtumba, lenzi ya milimita 135 na traka, kimashine kinachozungusha kamera polepole, nyuzi 15 kwa saa, iende sambamba na anga. Bila traka, lenzi hiyo ukiacha shata (kilango cha kamera kinachoingiza mwanga) wazi zaidi ya sekunde 3 au 4 nyota zinageuka michirizi. Nikiwa nayo nafika dakika 2 na nyota bado ni vitone.

Sasa traka lazima ielekezwe kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kuzunguka. Wenzetu wa kaskazini ya dunia wana nyota inayong'aa karibu kabisa na ncha yao. Sisi tuko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini kwetu iko nyuzi 9 tu juu ya upeo. Nyoosha mkono, kunja ngumi, ikalishe juu ya mstari wa upeo: umeshaiziba. Na nyota ya jirani yake, Sigma Octantis, ni hafifu kweli kweli. Weka hapo ukungu na taa moja nyeupe, huioni. Juzi nimehangaika saa nzima vidole vimekufa ganzi, nikarudi na picha 40 za michirizi. Na huu ndio msimu wenyewe! Mvua imekatika, kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani, kinapita karibu na utosi.

Mchangiaji

Heshima yako mkuu, lakini mimi ni bodaboda. Pale kwenye kalavati nimeanguka na abiria mara mbili kabla taa hazijaja. Mke wangu anatoka kufunga magunia ya viazi saa nne usiku. Giza unalolitaka wewe tumelala nalo tangu uhuru. Si upande huko Hifadhi ya Kitulo?

Mleta mada

Hifadhi ina viingilio na utaratibu wake kaka, siyo kila Jumamosi. Na sijasema zizimwe. Hebu leo simama chini ya nguzo ya pale kalavati. Paneli na taa ni kipande kimoja. Fundi kainua paneli ishike jua, taa nayo ikainuka. Mwanga unapiga mipaina ng'ambo, kalavati lenyewe liko kwenye kivuli.

Mchangiaji mwingine

Fundi sola hapa, na ni mwanamke, msiniite mkuu. Nyuzi 9 hizo hizo za mleta mada ndizo zinammaliza fundi wenu. Huku kwetu jua linapita juu sana, paneli ikilala nyuzi 10 hivi kuelekea kaskazini inatosha kabisa, na mvua inaiosha vumbi. Aliyeisimamisha vile amekariri picha ya kifungashio. Ishusheni, chaji haitapungua.

Ila hilo la saa sita nakataa. Mama anayekimbizwa kujifungua hachagui saa. Taa nyingi za aina hiyo zina sensa, kifaa cha kuhisi mtu: pasipo mtu zinafifia, akipita mtu zinawaka kamili. Kama zenu hazina, kamuulizeni aliyenunua.

Mleta mada

Dada, hapo umenishinda. Saa sita naiondoa, nabaki na kuinamisha tu, na nitauliza habari ya sensa. Wakikubali, ngazi ninayo. Kaka wa boda, utanishikia?

Mchangiaji

Kushika nitashika. Ila pale kalavati mwanga ukipungua hata kidogo, nakurudisha juu ya ngazi usiku huo huo.