Sungura wa Darasa la Nne B

ALHAMISI

Mama Ayubu, 19:42
Habari za jioni wazazi wenzangu. Naomba kuuliza, kuna mtoto mwingine anarudi shule hana raha wiki hii? Ayubu leo siku ya tatu hali vizuri. Usiku anashtuka. Asubuhi tumbo linauma, nikimwacha nyumbani ikifika saa nne limepona lenyewe.

Mama Lusajo, 19:44
Pole mama Ayubu. Mpe dawa ya minyoo, hawa wanashika udongo kutwa nzima.

Mama Ayubu, 19:45
Nimempa jana. Leo nimempima malaria, hana.

Baba Atupele, 19:47
Mimi nilishasema humu mkaniona mkorofi. Watoto wana Upimaji wa Kitaifa mwaka huu, sisi tuko bize na matuta na sungura. Jana wa kwangu karudi sweta limeloa mpaka kwapani, na baridi hii ya Julai. Namuuliza mmesoma nini, ananijibu wamemwagilia chainizi.

Baba Neema, 19:49
Wa kwangu kasema wamepima tuta, mita 6 kwa 1, mche hadi mche sentimita 30. Kafika nyumbani kachukua rula anapima meza, eti miche mingapi itaenea. Sijawahi kumwona anapima kitu bila kufokewa.

Baba Atupele, 19:50
Hesabu ziko kwenye daftari baba Neema.

Baba Neema, 19:50
Kwenye daftari alipata 11 kwa 50 kaka 😂

Baba Atupele, 19:58
Naomba mnielewe. Mimi nimesoma kwetu Umalila. Shamba la shule tulikuwa nalo, tunaambiwa ni Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere aliandika yake 1967, sisi tulichokipata ni kingine. Saa nane mchana tunachuma pareto mpaka jua linazama, hela hatukuiona. Aliyechelewa namba anapimiwa tuta lake alime peke yake wenzake wakiwa darasani. Mpaka leo nikishika jembe najiona kama nimefanya kosa. Hicho ndicho ninachoogopa, si udongo.

Mama Lusajo, 20:00
Hapo umesema kweli. Sisi tulisomba mawe ya nyumba ya mwalimu.

Bibi Tumaini, 20:04
mama ayubu mwanangu mtoto umemuuliza anaogopa nini au umemuuliza anaumwa wapi

Mama Ayubu, 20:05
Shikamoo bibi. Nimemuuliza yote, anasema hakuna kitu.

Bibi Tumaini, 20:08
marahaba. usimkalishe kwenye kiti ukamkodolea macho hatasema. chambueni maharage muulize mkono ukiwa unafanya kazi

Mama Lusajo, 20:09
Na kama kuna mtu anamtisha huko, ile simu ya mtoto ni 116, unapiga bure.

Mama Ayubu, 20:51
Jamani. Bibi Mungu akubariki. Hatujamaliza hata ungo mmoja kaanza kulia. Wiki hii yeye na Lusajo wana zamu ya sungura. Yule wa kijivu Jumanne kakataa kula, akataka kumng'ata. Jana na leo anajinyonyoa manyoya ya tumbo. Ayubu anayaokota anayaficha Mwalimu asione. Nimekagua kaptula ya shule, mfuko umejaa manyoya kama pamba ya godoro. Anaamini yeye ndiye kampa majani mabaya. Na kaambiwa atakayeua sungura atalipa elfu kumi na tano.

Mama Lusajo, 20:52
Kaambiwa na nani?

Mama Ayubu, 20:53
Mmh. Na mwenzake wa zamu.

Mama Lusajo, 20:53
Ngoja nikamwamshe.

Mama Lusajo, 21:01
Eti alikuwa anatania. Samahani sana mama Ayubu, nimeona aibu. Kesho nitakuja naye asubuhi aseme mwenyewe.

Bibi Tumaini, 21:03
huyo sungura anabeba nyasi mdomoni

Mama Ayubu, 21:04
Ndiyo bibi, Ayubu anasema anakimbia nazo kwenye kona.

Bibi Tumaini, 21:06
haumwi huyo. ana mimba anatandika. usiku huu au kesho anazaa

Baba Neema, 21:06
Mimba ya nani tena bibi? Nilinunua mimi mwenyewe Mwanjelwa, muuzaji kaniapia wote wawili ni majike.

Bibi Tumaini, 21:09
wakiwa wadogo ni vigumu kuwajua hata mimi nimeshakosea. mimba yake mwezi mmoja tu siku 30 au 31. dume mtengeni leo leo la sivyo atapandwa tena akishazaa. na muwekeeni boksi lenye nyasi kavu vitoto vinazaliwa uchi baridi itaviua. yale manyoya mrudishieni

Mama Ayubu, 21:10
Ya mfukoni?

Bibi Tumaini, 21:11
ndiyo hayo ndiyo shuka la watoto wake

Mwalimu wa Darasa, 21:19
Habari za usiku wazazi, shikamoo bibi. Nimesoma yote. Kosa ni langu. Nilibandika zamu ukutani, nani alishe, nani afagie, nani ajaze daftari la sungura. Sikuandika popote afanye nini mtoto akiona kitu asichokielewa. Ayubu alikuwa kimya tangu juzi, nikadhani ni baridi.
Baba Atupele, kwangu hakuna anayepelekwa bustanini kwa kosa. Aliyechelewa siku hiyo hamwagilii kabisa, na wanaiona hiyo ndiyo adhabu. Ila la sweta una haki. Tutahamishia saa nne jua likishatoka, na watatumia makopo tuliyotoboa, ndoo ni nzito kwao.

Baba Atupele, 21:23
Mlinzi ana ufunguo wa banda?

Mwalimu wa Darasa, 21:23
Anao.

Baba Atupele, 21:24
Nina boksi la mbao la spea dukani. Niko hapa karibu, nalipeleka. Mama Ayubu napitia kwako hayo manyoya. Upimaji lakini uko palepale.

IJUMAA

Mwalimu wa Darasa, 06:31
[Picha]
Amezaa. Saba. Sita wako ndani ya boksi wana joto. Mmoja nimemkuta nje kwenye waya, amekufa.

Mama Lusajo, 06:33
Mwondoe kabla watoto hawajafika mwalimu.

Mwalimu wa Darasa, 06:34
Ndivyo nilivyofikiria.

Bibi Tumaini, 06:40
usifanye hivyo. wakija kugundua mlificha huyo ayubu atafikiri ni yeye tena

Mwalimu wa Darasa, 10:47
Nimewaambia wote pamoja. Walinyamaza kidogo, halafu maswali yakaanza, sijawahi kupata maswali mengi hivyo kwenye sayansi. Mbona hawana manyoya, mbona macho yamefumba. Nimewaambia yatafumbuka kama siku ya kumi, wameshaandika tarehe ubaoni. Atupele kauliza kwa nini mama halali nao. Hilo sikulijua.

Bibi Tumaini, 10:55
sungura ananyonyesha mara moja au mbili kwa siku dakika chache anaondoka. hajawatupa. wasiwashikeshike

Mwalimu wa Darasa, 10:58
Asante bibi. Yule aliyekufa Ayubu alitaka azikwe kwenye mboji. Neema akakataa, anasema mboji inakwenda kwenye chainizi na chainizi tunakula. Wamebishana mpaka kengele ya uji. Amezikwa chini ya mparachichi. Lusajo ndiye aliyechimba.

Mama Ayubu, 16:52
Karudi. Kala ugali wote, sasa hivi amelala na viatu.

Baba Atupele, 17:20
Mwalimu, Atupele anasema kesho Jumamosi zamu ni yake, niamke saa kumi na mbili nimpeleke. Nani kapanga hii zamu?

Mwalimu wa Darasa, 17:22
Wamepanga wenyewe baba Atupele.

Baba Atupele, 17:24
Sawa. Ila boksi langu nitalitaka.