Wanaume wanaocheza kike kwenye ngoma za India, nje ya jukwaa wanachukuliwaje?

Mleta mada
Wakuu habari zenu. Jana nimekesha mpaka saa nane usiku naangalia video za Kuchipudi, ngoma ya kijadi ya India, kuna mtu anacheza Satyabhama, yule mke wa mungu Krishna mwenye maringo, anavyorembua macho, anavyonuna, anavyochezea ule msuko wake mrefu, mi nikajua mwanamke kabisa kumbe mwanaume, anaitwa Vedantam Satyanarayana Sarma. Nimeduwaa. Sasa naomba mnijuze, hii ni kwa sababu wanawake walikatazwa kupanda jukwaani tu au kuna zaidi? Na wenyewe jamii inawaonaje?

Mdau wa kwanza
Mkuu, kukatazwa kupo. Hilo jina Kuchipudi ni la kijiji huko Andhra Pradesh na kwa muda mrefu walikuwa wanacheza wanaume wa familia za Kibrahmin (tabaka la makuhani) za hapohapo, sasa nafasi za kike angecheza nani? Hata sinema ya India ilianza hivyohivyo, Raja Harishchandra ya 1913 malkia ni mwanaume, Anna Salunke, halafu 1917 kwenye Lanka Dahan huyohuyo akacheza Rama na mkewe Sita, wote wawili. Ila kwa mapenzi ya watu mtafute Bal Gandharva (1888-1967) wa tamthilia za nyimbo za Kimarathi, wanawake wa enzi zile walikuwa wanaiga anavyofunga sari na anavyopamba nywele. Yani mwanaume ndo alikuwa kioo chao.

Mdau wa pili
Naongezea, maana hilo la kukatazwa peke yake halitoshi kabisa. Wale watu wamekua na Ardhanarishvara, mwili mmoja nusu mungu Shiva nusu mkewe Parvati, wamekua na mungu Vishnu anayegeuka mwanamke, Mohini, na Arjuna yule shujaa wa utenzi wa Mahabharata alikaa mwaka mzima akijivika kike kwa jina la Brihannala akimfundisha binti mfalme kucheza. Kwenye hekalu la Kottankulangara, Kerala, mpaka leo wanaume wanavaa sari na kujipamba wanabeba taa usiku kama ibada. Kwa hiyo mtu akivuka huo mpaka jukwaani watazamaji wanaelewa anatoka wapi.

Mdau wa tatu
Sawa ila jamani tusipambe sana. Nendeni Bihar kwenye ngoma ya launda naach, vijana wa familia maskini, wengi wa tabaka la chini, wanacheza kike kwenye maharusi, wanashangiliwa usiku, kukicha wanatukanwa, hilo linaniuma kweli. Ramchandra Manjhi alianza akiwa mtoto kwenye kundi la Bhikhari Thakur, tuzo ya taifa ya Padma Shri kaja kuipata 2021 tayari ni mzee, 2022 akafariki. Na tusichanganye mambo, Manjamma Jogathi wa Karnataka alipewa tuzo hiyohiyo 2021 lakini yeye haigizi, ni mwanamke aliyezaliwa akaitwa mvulana, akicheza ngoma ya Jogathi anacheza maisha yake. Satyanarayana Sarma alikuwa anavua vipodozi anarudi kwake, Manjamma hana cha kuvua.

Mleta mada
Hiyo ya mwisho imeniingia mkuu, nilikuwa nawaweka wote kapu moja. Nimeiona sasa hivi video ya Manjamma akipokea tuzo, kabla ya kuipokea anampungia Kovind, Rais wa India wa wakati huo, upindo wa sari kumwondolea kijicho. Nimeirudia mara tatu.