Obsidian, Logseq, TiddlyWiki au grep: programu ipi inafaa kujua madokezo gani yanaelekeza kwenye dokezo hili?

mwalimu_wete
Assalaam alaykum. Nakusanya historia ya karafuu. Madokezo yangu yote yamo kwenye folda moja, faili za Markdown (maandishi matupu yenye alama chache za mpangilio), kila jambo na faili lake. Nikiwa ndani ya "Barghash", dokezo la Sultani wa Zanzibar, naona mara moja nimeelekeza wapi: jumba la Beit al-Ajaib, mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa, kimbunga cha 1872. Ninachokosa ni upande wa pili. Nikifungua "Kimbunga cha 1872" nataka nione kila dokezo lililoelekeza hapo, khasa yale niliyokwishayasahau. Kimbunga kile kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo kinagusa bei, mashamba, madeni, hata sababu ya Pemba kushika zao lenyewe, na hayo nimeyaandika huku na huku. Mtandao kwangu si wa kutegemea na kompyuta ni ya zamani. Nyinyi mnatumia nini?

bi_shangani
Wa alaykum salaam Maalim. Mimi Obsidian. Inafungua folda hiyo hiyo uliyonayo, haihitaji intaneti, na kwa matumizi binafsi hailipiwi. Ukiwa kwenye dokezo, pembeni kuna orodha mbili. Ya kwanza ni madokezo yaliyoweka kiungo cha kuja hapo. Ya pili ni yale yaliyotaja jina la dokezo bila ya kuweka kiungo, na hiyo ndiyo inayokufaa wewe, kwa sababu uliyoyasahau mara nyingi hukuyafunga. Kila moja huonyeshwa na maneno yaliyolizunguka, na kitufe cha kuligeuza kuwa kiungo papo hapo. Ukibadilisha jina la faili, viungo vyote hujirekebisha.

mtumbatu
Kabla hujaamua, Maalim, itazame Logseq. Tofauti yake ni kwamba kinachoelekeza si faili zima, ni aya moja. Nikisoma majalada pale Nyaraka, Kilimani, naandika kila kitu kwenye ukurasa wa siku ile, nukta kwa nukta, na kila nukta ina viungo vyake. Baadaye nikifungua "Barghash" naletewa nukta zenyewe pamoja na zile zilizo juu na chini yake, kisha nachuja: nionyeshe zinazotaja pia mkataba wa 1873 tu. Uchujaji huo kwa mtafiti ni mkubwa sana. Na programu ni huria, msimbo wake uko wazi.
Ubaya wake ni kuwa inakulazimisha uandike kwa nukta. Insha ndefu humo inachosha.

fundi_chake
Yakhe, kasema kompyuta ni ya zamani! Obsidian na Logseq zote mbili zimejengwa juu ya Electron, yaani kila moja inabeba kivinjari kizima ndani yake, na kumbukumbu ya mashine mutaiona inavyoliwa. Faili ni maandishi matupu, basi grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, inatosha kwenye Linux:

`grep -rn '\[\[Kimbunga cha 1872' .`

Angalia sijafunga mabano ya kiungo mwishoni. Ukiyafunga utakosa viungo vilivyopewa jina jengine, kama `[[Kimbunga cha 1872|dhoruba ile]]`. Ukitaka na yaliyotajwa bila kiungo, ondoa mabano na uongeze `-i`, isijali herufi kubwa na ndogo. Inapekua folda kubwa kwa kufumba na kufumbua.
Ukitaka dirisha la kubofya, Zim ni nyepesi na inaonyesha viungo vinavyoingia, lakini ina uandishi wake. Markdown yako itabidi uigeuze.

mwalimu_wete
Shukran nyote. Suala moja: dokezo langu linaitwa "Mkarafuu". Ndani ya maandishi mara "mikarafuu", mara "mkarafuuni". Na Barghash kuna waliomwandika Bargash. Programu zitajuaje?

bi_shangani
Hazijui, na hapa ndipo wengi wanaoandika kwa Kiswahili wanapokwama, maana neno letu hubadilika mwanzo na mwisho. Kwenye Obsidian weka majina mbadala juu kabisa ya faili, kati ya mistari miwili ya `---`:

`aliases: [mikarafuu, mkarafuuni]`

Kuanzia hapo orodha ya pili itakamata yote matatu. Fanya hivyo kwa kila dokezo lenye wingi, na kwa kila jina la mtu lenye tahajia mbili.

mtumbatu
Logseq nayo inayo, unaandika `alias::` mwanzo wa ukurasa.

fundi_chake
Kwa grep: `grep -rniE 'm(i)?karafuu|barg(h)?ash' .` Mstari mmoja, bila ya kujaza majina faili kwa faili.

bi_shangani
Ndugu yangu, hiyo inataka ukumbuke maumbo yote kila unapotafuta. Majina mbadala unayaandika mara moja na yanabaki na dokezo lenyewe. Kwa kazi ya miaka hilo lina uzito kuliko kasi.

mzee_makunduchi
Mimi nipo na TiddlyWiki muda mrefu. Kila kitu ni faili moja la HTML, unalibeba kwenye fleshi, unalifungua kwa kivinjari chochote. Kwenye maelezo ya kila dokezo kuna sehemu ya marejeo, inaorodhesha yanayoelekeza hapo. Inaleta vichwa tu, bila ya sentensi, na kuhifadhi kunataka mpango maalumu kwa sababu kivinjari hakiandiki juu ya faili hivi hivi. Kwako wewe mwenye faili nyingi tayari, sikushauri uhamie.

kijana_mkoani
Niongeze moja tu, Maalim. Usifunge kila neno. Ukilifanya "Pemba" kuwa kiungo kila lilipo, ukurasa wake utaelekezwa na karibu madokezo yote na hautakwambia kitu. Funga tukio, mtu, mkataba, shamba.

mwalimu_wete
Nimeifungua folda kwa Obsidian. Nzito kidogo lakini inakwenda, na orodha ya pili imenitolea dokezo la madeni ya wenye mashamba ambalo sikulifunga popote. Nitabaki nayo, na amri ya fundi nimeiweka kwa siku mashine itakapokataa. Limebaki hili: namba za majalada zina mkwaju (/). Nikiziweka kama kiungo inanifungulia folda mpya.

mtumbatu
Ndiyo, mkwaju kwenye jina la faili unasomwa kama folda. Tumia kistari kwenye jina, na namba yenye mkwaju iandike ndani ya dokezo, iwe ndiyo unayoinukuu.