Geji na vifaa vinavyoning'inia majini: vifungwe wapi, na kwa kitu gani?

Pezi la Kushoto aliuliza:

Salamu kwenu wapiga mbizi wenzangu. Nimezamia mara zisizofika arobaini, na vifaa ninavyotumia ni vyangu mwenyewe: jaketi la kuelea la kawaida, regulata (kifaa kinacholeta hewa ya mtungi kinywani) yenye mdomo wa akiba wa kumpa mwenzangu akiishiwa hewa, na kibebeo cha plastiki chenye geji ya presha, geji ya kina na dira. Tangu nilipoanza nimekuwa nikiongeza kitu kimoja kimoja. Tochi nimeitundika kwa karabina kwenye pete ya kifuani, boya la ishara na uzi wake vinaning'inia nyuma ya kiuno, kibao cha kuandikia kiko upande wa kulia, na kibebeo cha geji nimekifunga kwenye kikasha cha springi ambacho kamba yake hujirudisha yenyewe.

Wiki iliyopita, tukiwa kwenye mita 18 hivi, mwenzangu alinishika pezi na kuninyooshea kidole chini ya tumbo. Kamba ya kikasha ilikuwa imekatika bila mimi kuhisi lolote, kibebeo kilikuwa kikiburuzika juu ya matumbawe, na mdomo wa akiba ulikuwa umechomoka kwenye kishikizo chake na kulima mchanga nyuma yangu kama jembe. Tuliporudi chomboni niliubonyeza ili kuujaribu, nao ukaanza kumwaga hewa usitake kunyamaza mpaka tulipofunga vali ya mtungi. Nilipoziona picha alizonipiga, nilijiona kama mchuuzi aliyebeba duka lake zima mwilini.

Naomba kuelekezwa: vifaa hivi vifungwe wapi, na kipi hasa sikihitaji? Muuzaji amenishauri ninunue kikasha kingine kilicho imara zaidi, kwa kuwa, kwa maelezo yake, kasoro ilikuwa ya ubora tu.

Fundi Oringi alijibu:

Ndugu Pezi la Kushoto, kikasha kingine usikinunue kwanza. Ndani ya vikasha hivyo mna springi na kamba nyembamba ambazo chumvi na mchanga huzifikia kwa urahisi lakini maji ya kusuuzia huzifikia kwa shida, kwa hiyo hata kile cha gharama kubwa siku moja hukwama kamba ikiwa nje, au hukatika kama chako. Tena kikasha hakiondoi mning'inio, hukufupishia tu.

Chanzo cha tatizo lako ni urefu wa mpira, yaani bomba linaloiunganisha geji na regulata. Mipira ya geji inayouzwa pamoja na vifaa vya kawaida huwa na urefu wa sentimita 80 hadi 90, nao umepangwa hivyo ili umfae kila mtu, yaani mrefu, mfupi na mnene. Ukiwa na mwili wa wastani, mpira wa sentimita 60 hivi hutoka kwenye kichwa cha regulata (sehemu inayofungwa kwenye mtungi), ukapita chini ya kwapa la kushoto, ukafuata mbavu na kuishia kwenye pete ya nyongani bila kujikunja popote. Usinunue kwa kukisia. Vaa jaketi na mtungi ukiwa nchi kavu, mwombe mwenzako ashike kamba kuanzia kwenye tundu la regulata hadi kwenye pete ya nyonga, kisha ongeza kiasi cha upana wa kiganja ili uweze kuinua geji usoni. Mpira uliokazwa mno hukunjika pale unapoingia kwenye chuma, na hapo ndipo huanza kupasuka. Kama mpira wako una kifuniko cha plastiki mahali hapo, kivute nyuma utazame: mara nyingi nimekuta kutu na nyufa zilizokuwa zimejificha humo muda mrefu.

Kazi ya kubadilisha mpira mpe fundi. Matundu ya presha kubwa yana alama ya HP na kwa kawaida hesi yake ni ya inchi 7/16, ilhali yale ya presha ya kati ni ya inchi 3/8. Akimaliza, zamisha geji kwenye ndoo ukiwa umefungua vali ya mtungi, uangalie kiungo kinachozunguka nyuma ya geji. Ndani ya kiungo hicho mna kipini chembamba chenye oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) mbili ndogo sana, na uzi wa viputo unaouona kwa wapiga mbizi wengi hutokea hapo.

Sasa kufunga. Tafuta kulabu ya chuma kisichoshika kutu, ile ambayo mlango wake hufunguliwa kwa kuvuta kipini kwa kidole gumba. Karabina ya mlango wa kusukuma iondoe kabisa, hata kwenye tochi, kwa sababu uzi wa wavuvi au wavu ukiigusa huusukuma mlango na kuingia wenyewe, lakini kutoka hautoki. Kulabu hiyo ifunge kwenye mpira, karibu na geji, kwa uzi wa nailoni uliosokotwa wenye unene wa milimita 2 hivi. Upitishe mara mbili kwenye jicho la kulabu na kuuzungusha mpira, ukaze mpaka kulabu isiweze kucheza, piga fundo maradufu, kata ncha, kisha ziyeyushe kwa moto wa kibiriti hadi zifanye vichwa vidogo. Usiunganishe chuma kwa chuma. Kulabu ikikwama chini ya maji, unataka kitu ambacho kisu kinaweza kukikata.

Kile kibebeo nacho ningekiondoa. Geji ya presha peke yake, isiyo na plastiki nyingi kuizunguka, hulala kimya nyongani. Kina hupimwa na kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi, na dira hukaa vizuri kwenye kifundo cha mkono ikiwa imefungwa kwa lastiki.

Bahari Shwari alijibu:

Nakubaliana na Fundi Oringi kwa sehemu kubwa, ila vikasha vya springi amevihukumu kwa ukali. Kwa kibao cha kuandikia, ambacho hata kikipotea hakuna atakayedhurika, mimi nimekitumia miaka mingi bila kujuta. Kwa geji ya presha sithubutu.

Kuna jambo ambalo picha zako zingelieleza vizuri kuliko maneno yako, nalo ni mkao wa mwili. Mpiga mbizi aliyejifunga risasi (vipande vya madini vya kumsaidia kuzama) nyingi kuliko anavyohitaji hulazimika kujaza hewa kwenye jaketi ili asizame, kifua kikainuka na miguu ikashuka, na hapo kila kinachoning'inia huelekea chini moja kwa moja. Pima risasi zako upya ukiwa na mtungi uliobaki na presha ya baa 50 hivi (baa ni kipimo cha presha): kwenye mita 5, jaketi likiwa halina hewa, uweze kutulia bila kupanda wala kushuka. Ukilala sawasawa, nusu ya tatizo itakwisha kabla hujafunga fundo lolote.

Tena ni suala la pumzi. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na ukiongeza mwendo maradufu ukinzani wake huongezeka mara nne. Boya lililolegea nyuma ya kiuno huwezi kulihisi, lakini hewa ya mtungi hulihisi.

Pezi la Kushoto aliandika:

Nawashukuru sana. Risasi sijazipima tangu nilipobadilisha vazi nene nikaanza kuvaa jembamba, kwa hiyo aibu hiyo naipokea. Nina maswali mawili yaliyobaki. Mdomo wa akiba niufunge vipi, maana nao nikiukaza kwa uzi wa nailoni sioni mtu mwenye shida ataupataje? Na je, mpira wa presha kubwa ukipasuka ukiwa umebanwa hapo kwapani, si mtungi utakwisha kwa dakika moja?

Mkufunzi Mstaafu alijibu:

Nianze na hilo la pili, kwa kuwa hofu yake ni ya wengi. Presha iliyomo kwenye mpira wa geji ni ileile ya mtungi, baa 200 ukiwa umejaa, lakini tundu linalopitisha hewa hiyo ni dogo mno, halizidi tobo la sindano. Mpira ukipasuka, viputo na kelele vitakutisha, ila hewa itatoka polepole kuliko kama ungepasuka mpira wa mdomo wa kupumulia, ambao presha yake ni baa 9 au 10 tu juu ya presha ya maji lakini njia yake ni pana. Hali hiyo humpa mtu nafasi ya kumfikia mwenzake na kupanda kwa utaratibu.

Kuhusu mdomo wa akiba, umeona vyema: kanuni yake ni kinyume cha ile ya geji. Geji hufungwa isichomoke, mdomo wa akiba hushikwa ili uchomoke kwa mvuto mmoja na usichomoke kwa mkondo. Uweke kwenye eneo la pembetatu lililo kati ya kidevu na mbavu za chini, mahali ambapo mwenzako anapaona anapokutazama usoni. Vishikizo vya plastiki hulegea kwa joto la jua, na bila shaka chako kililegea. Pete ya silikoni inayobana sehemu ya kutia mdomoni hutosha. Ule uliolima mchanga usiutumie tena mpaka fundi aufungue na kuusafisha.

Mpangilio ninaoupenda zaidi ni mwingine, ingawa unahitaji mazoezi. Mdomo ninaopumulia una mpira mrefu, mita 1.5 kwa mizamio ya kawaida na mita 2 kwa wale wanaoingia mapangoni, na ule wa akiba hukaa chini ya kidevu changu kwenye mkufu wa lastiki. Mwenzangu akiishiwa hewa, nampa huu wa kinywani, ambao najua unafanya kazi kwa kuwa nilikuwa nikiupumua sekunde moja iliyopita, kisha nainamisha kichwa na kuuchukua wa mkufuni. Usijaribu jambo hili peke yako kwa kuwa umelisoma tu. Mtafute mkufunzi, mlirudie kwenye bwawa mpaka mikono iwe haifikiri.

Boya na uzi wake viweke kwenye mfuko wa pajani. Siku utakapolirusha boya, uzi wake usiunganishe na pete yoyote ya mwili wako, maana uzi ukikwama boya litakupandisha nalo. Kisu kikae kwenye mkanda wa kiuno upande wa mbele ambapo mikono yote miwili inafika. Tochi ilaze juu ya mkanda wa bega kwa pete mbili za mpira zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

Pezi la Kushoto aliandika:

Narudi na taarifa baada ya siku kumi. Nimepunguza kilo 3 za risasi, mpira mpya ni wa sentimita 62, na bwawani nilifumba macho nikaweza kuichukua geji, kuiachia na kuirudisha mara kumi, nikikosea mara mbili. Kulabu nilikuwa nimeifunga mlango ukitazama mwilini, ikabidi nikate uzi na kuanza upya. Tatizo lililobaki ni dogo lakini linanisumbua: kila ninapoinua mkono wa kushoto kusoma dira, sindano huyumba kama nyuzi 20 hivi na kisha kutulia mahali pasipo sahihi.

Fundi Oringi alijibu:

Tazama tochi yako. Kama swichi yake ni ile ya kuzungusha au kusukuma isiyopenya kwenye mwili wa tochi, ndani mna sumaku. Ihamishie bega la kulia, kisha soma dira ukiwa umenyoosha mkono.

Pezi la Kushoto aliandika:

Ilikuwa bega la kushoto. Nimeihamisha, na sindano imetulia.