Wiki ya 21, chupa imevuja, naambiwa mapafu ya mtoto "yanaweza yasijae"

MamaWatatu_Mwandiga:
Wakubwa shikamooni. Niko Mwandiga, Kigoma, mimba ya tatu. Wiki mbili zilizopita niliamka godoro limelowa, nikadhani mkojo. Mama mkwe akanusa kanga, akasema huu si mkojo, chupa imevuja. Ultrasaundi ya jana: wiki 21, penye maji mengi kabisa ni sentimita 1.4. Mpimaji akasema figo zote mbili anaziona, kibofu cha mtoto kina mkojo, ila mapafu yanaweza yasijae. Kisha akaita anayefuata.

Sijalala. Mtoto hajawahi kuvuta hewa, mapafu yake na maji yangu vinahusianaje? Na jirani ananihimiza nidai sindano ya mapafu. Nidai? Homa sina, mtoto anacheza.

Mkunga_Tabora:
Pole sana mdogo wangu. Mtoto tumboni anapumua, ila anapumua maji. Pafu lake hutengeneza majimaji yanayolitanua kwa ndani, na maji ya chupa husaidia kuyazuia yasitoke. Chupa ikikauka, pafu linanywea. Na kati ya wiki ya 16 na ya 26 ndipo vijia vidogo vya hewa na mishipa yake ya damu vinajengeka, ndiyo maana kuvuja sasa kunatutisha kuliko kuvuja wiki ya 33.

Figo alizitaja kwa sababu umri huu maji mengi ni mkojo wa mtoto. Wapo wasio na figo kabisa, hao maji hawana. Wako anatengeneza, yanavuja tu. Hiyo ni habari njema, ishike.

Sindano, hapana, si sasa. Deksamethasoni hukomaza pafu lililopo, hailikuzi pafu dogo. Hutolewa kuanzia wiki ya 24 hadi ya 34, pale uzazi unapokaribia. Unachohitaji leo ni daktari akuone kwa ajili ya dawa ya kuzuia maambukizi, na usiingize chochote ukeni, tendo la ndoa pia liache. Homa, harufu mbaya au tumbo kuuma, usingoje asubuhi, nenda usiku huohuo.

Baba_wa_Ujiji:
Dada, sisi tatizo lilikuwa jingine. Wiki ya 24 walikuta utumbo umepanda kifuani kupitia tundu kwenye diaframu, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, upande wa kushoto, moyo umesukumwa kulia. Tukapelekwa Mwanza. Huko walipima pafu la kulia wakalilinganisha na mzingo wa kichwa, wakatuambia ni dogo. Binti yetu aliishi siku tisa. Kwa kuwa tulijua mapema, alizaliwa penye mashine ya kupumulia, na mke wangu alimshika. Uliza mapema utajifungulia wapi. Usingoje uchungu ukukute nyumbani.

Mkunga_Tabora:
Pole sana baba. Dada, niongeze: ultrasaundi hupima kifua, lakini uhakika wa pafu unapatikana akishazaliwa. Atakayekuapia sasa kwamba atapona au hatapona, usimwamini.

MamaWatatu_Mwandiga:
Asanteni. Baba wa Ujiji, Mungu amlaze binti yenu pema. Jumatatu narudi, safari hii na mume wangu. Nitauliza dawa, mzingo wa kifua, na wodi ya njiti iliyo karibu nasi. Kanga naibadilisha kila baada ya saa nne, naandika imelowa kiasi gani.